Namna ya Kutazama Nyumbu Wakivuka Mto Mara Ukiwa Katikati ya Umati

Mtu anayejiandaa kwenda Kogatende, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, au Maasai Mara upande wa Kenya, ili ashuhudie nyumbu wakivuka Mto Mara, anapaswa kulikubali jambo moja kabla hajafunga mizigo: hatakuwa peke yake ukingoni. Siku ya kundi kubwa katika mwezi wa Agosti magari hukusanyika kwa makumi mbele ya sehemu moja ya kuvukia, na kila gari limebeba watu waliotoka mbali, waliolipa gharama kubwa, na ambao wengine wao hawatapata nafasi ya kurudi tena maishani. Ushauri mwingi wa safari humfundisha msomaji namna ya kuukwepa umati huo. Mimi nimekwenda mtoni misimu kadhaa, na ninachotaka kueleza ni namna ya kukaa vema ndani yake, kwa sababu tabia ya watazamaji pale inaweza kuamua iwapo nyumbu watavuka, watavukia wapi, na wangapi watafika ng'ambo wakiwa hai.

Uelewe kwanza unachokwenda kukitazama. Nyumbu wa Serengeti na Mara wanakadiriwa kufikia 1,300,000 hivi, wakifuatana na pundamilia wapatao 200,000 na swala wengi. Idadi hiyo haikuwa hivyo siku zote, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa robo milioni tu, na waliongezeka baada ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiwaambukiza na kuwaua, kudhibitiwa kwa kuwachanja ng'ombe waliokuwa wakiishi pembezoni mwa hifadhi. Huzaa kati ya Januari na Machi katika nyanda za kusini, maeneo ya Ndutu, na masika yanapokwisha na majani mafupi ya huko kukauka, huanza kuelekea magharibi na kaskazini wakifuata majani na maji. Mto Mara huanzia kwenye msitu wa Mau nchini Kenya na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma, nao ndio mto pekee katika mfumo huo wote ambao maji yake hutiririka mwaka mzima. Ndiyo maana kiangazi huwakusanya huko.

Watu wengi hudhani kwamba nyumbu huvuka siku moja na kumaliza, kama abiria wa feri ya Kigamboni wanaoshuka ng'ambo na kwenda zao. Ukweli ni kwamba kati ya Julai na Oktoba makundi mbalimbali huvuka na kurudi, wakati mwingine kundi lile lile likivuka zaidi ya mara moja katika juma moja, kwa sababu mvua imenyesha upande waliouacha au majani ya upande waliofika yamekwisha. Kosa jingine ni kudhani kwamba ng'ambo ya pili lazima iwe Kenya. Eneo la Lamai liko kaskazini mwa mto na bado liko ndani ya Serengeti, kwa hiyo nyumbu anayevuka pale Kogatende amehama ukingo tu na hajahama nchi. Ukilifahamu hili utapunguza ile hofu kwamba kundi likikuponyoka asubuhi basi safari imeharibika, na hofu hiyo, kama nitakavyoeleza, ndiyo chanzo cha vurugu nyingi zinazotokea mtoni.

Kutokana na hayo, panga usiku tatu karibu na mto, au mbili kama huna uwezo wa zaidi. Anayekwenda kwa siku moja anamwekea dereva wake mzigo asioweza kuubeba, kwa sababu hakuna anayeweza kuahidi kwamba nyumbu watavuka siku fulani, na yeyote anayekuuzia ahadi ya namna hiyo anakudanganya. Wanaotoka Arusha kwa barabara wasijaribu kufika Kogatende siku hiyo hiyo. Walale Seronera au mahali pengine njiani, au wapande ndege ndogo zinazotua katika kiwanja cha Kogatende. Wanaotoka Mwanza huingilia lango la Ndabaka, na wanaotoka Musoma wana njia inayopitia Mugumu. Upande wa Kenya, wengi hutoka Nairobi kupitia Narok hadi lango la Sekenani, ilhali wanaotaka eneo la Pembetatu ya Mara, lililoko magharibi mwa mto, hutumia lango la Oloololo. Usipange kutazama upande mmoja asubuhi na mwingine jioni, kwani gari la watalii haliruhusiwi kuvuka mpaka ndani ya hifadhi. Ni lazima mzunguke hadi Sirari na Isebania. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa viingilio vya chini sana kuliko wageni wa mbali, kwa hiyo usisahau kitambulisho cha taifa au pasipoti. Ninasisitiza hili kwa sababu bado nawasikia ndugu zangu wakisema kwamba mambo ya nyumbu ni ya Wazungu, nami huumia kila nikisikia hivyo.

Vitu vya kubeba si vingi. Darubini ni muhimu kuliko kamera, na kama mko wanne kwenye gari, kuwa nazo angalau mbili kutawaepusha na manung'uniko. Beba kitambaa cha kujifunika pua, kwa sababu vumbi la maelfu ya kwato huingia kila mahali, na sweta, kwa kuwa asubuhi za Julai huwa na baridi kali. Nguo ziwe za rangi ya udongo au majani makavu. Buluu na nyeusi huwavutia mbung'o. Maji yawe kwenye chupa za chuma au madumu ya kujazia, kwani Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumiwa mara moja ndani ya hifadhi tangu Juni 2020, na mifuko ya plastiki hairuhusiwi Tanzania tangu Juni 2019. Chakula cha mchana kibebwe kwenye boksi na kiliwe ndani ya gari, bila kutupa nje mfupa wala ganda la ndizi.

Kisha kuna jambo ambalo watu huona haya kulisema. Ukishafika ukingoni, unaweza kukaa saa tano bila kuruhusiwa kushuka, na mtu mmoja aliyebanwa anaweza kuwalazimisha wenzake wote kuondoka dakika kumi kabla ya nyumbu kuingia majini. Kwa hiyo kuchimba dawa kufanyike mapema, kwenye vyoo vya kambini, vya kiwanja cha ndege au vya kituo cha askari wa hifadhi, na asubuhi hiyo chai inywewe kwa kiasi. Mwenye mtoto mdogo au mzee amweleze dereva hali hiyo tangu mwanzo ili mpange pamoja, na asione aibu kufanya hivyo.

Dereva ndiye anayehitaji maandalizi makubwa kuliko yote, ingawa watu hudhani kwamba yeye ndiye anayewaandaa wao. Mwongoza watalii aliyefanya kazi Kogatende kwa miaka anazijua sehemu za kuvukia kwa namba zake, anajua gema lipi lina mteremko mzuri na lipi huua, na anajua sheria. Lakini pia anajua kwamba bakshishi yake na sifa zake kwa mwajiri hutegemea picha mtakazorudi nazo, na abiria wanaopiga kelele kwamba gari la jirani limepata nafasi nzuri zaidi humweka katika mtihani mgumu. Kabla hamjatoka kambini asubuhi, mwambieni wazi, kaka au mzee kwa kadiri ya umri wake, kwamba hamna haraka, kwamba hamtamlaumu mkikosa, na kwamba hamtaki avunje utaratibu kwa ajili yenu. Nimeona maneno hayo machache yakibadilisha sura ya dereva na kuitengeneza siku nzima. Kama mtatoa bakshishi, na ni vema mtoe, msiifungamanishe na nyumbu kuvuka au kutovuka.

Kusubiri

Mtakapolikuta kundi, mtaliona kwanza kama vumbi, kisha kama mistari myeusi inayoshuka kutoka vilimani kwa utaratibu unaoshangaza, nyumbu mmoja nyuma ya mwingine. Mistari hiyo huungana juu ya ukingo na kuwa kundi lililobanana, likilia bila kukoma. Wa mbele hushuka hadi kwenye maji, hunusa, hunywa kidogo, halafu hushtuka na kupanda tena mbio, na kundi zima hurudi nyuma pamoja nao. Watafanya hivyo mara tano, mara kumi. Kila mara wageni ndani ya magari hudhani kwamba sasa ndiyo wanavuka, na kila mara kuna dereva anayeshawishika kuwasha injini.

Hapo ndipo umati unapoweza kuharibu kila kitu. Nyumbu aliye mbele anatafuta sababu ya kutovuka. Anamwogopa mamba asiyemwona, anaogopa kivuli, anaogopa kina cha maji. Gari linalosogea kwenye ukingo wakati huo humpa sababu anayoitafuta. Kwa hiyo magari yote yanapaswa kusimama mbali na mto, injini zikiwa zimezimwa, ikiwezekana nyuma ya vichaka au mahali palipoinama, na yasikae kati ya kundi na maji wala kwenye njia ambayo nyumbu walio nyuma wanaitumia kuja kuungana na wenzao. Ukingo wa pili una uzito ule ule, ingawa husahauliwa. Magari yakijipanga juu ya mahali ambapo nyumbu watatokea, wanyama walioko majini watakwepa mteremko mzuri na kujaribu kupanda gema, na pale ndipo wanapokanyagana, kuvunjika miguu na kurudi majini wakiwa wamechoka.

Mwezi Julai 2025 zilisambaa mitandaoni picha za video kutoka kaskazini mwa Serengeti zikionyesha watalii walioshuka kwenye magari na kusimama ukingoni, huku nyumbu wakihangaika kutafuta njia mbele yao. Wengi walizitazama kwa hasira, nami pia. Hata hivyo, nadhani wengi wa waliosimama pale hawakutoka nyumbani wakiwa na nia mbaya. Alishuka mmoja, wa pili akaona kwamba inawezekana, na wa tatu akaogopa kukosa. Umati huwa mbaya kwa hatua ndogo kama hizo, na dawa yake ni kila gari kuamua mapema, kambini, kwamba hakuna atakayeshuka kwa sababu yoyote ile, hata kama wengine wote wameshuka.

Miaka michache iliyopita tulikaa karibu saa nne tukilitazama kundi lililokuwa limejaza ukingo wa kusini. Magari yalikuwa mengi na yote yalikuwa yametulia vichakani. Tuliwasikia hata ndege. Pundamilia wawili walikwisha kuingia majini hadi magotini, na nyumbu walianza kusukumana nyuma yao, ndipo gari moja likatoka mbio kuelekea ukingoni ili kuwahi nafasi. La pili likalifuata, kisha mengine sita. Pundamilia waligeuka, kundi likapasuka katikati, na ndani ya dakika tano ukingo ulikuwa mtupu. Hakuna aliyeona kitu siku ile, wakiwemo waliokimbia. Katika gari letu mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amesafiri na wajukuu wake alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akatuomba tusiwalaani wale wenzetu mbele ya watoto.

Je, gari lisogee lini? Kanuni ya waongoza watalii wenye uzoefu ni kwamba mtu asiguse ufunguo hadi nyumbu wa kwanza wawe wamefika katikati ya mto na mstari nyuma yao uwe hauna nafasi za wazi. Wakishafikia hapo, walio nyuma huwafuata wa mbele hata kama wameshtuka, na magari yanaweza kusogea polepole, moja baada ya jingine, bila kupiga kona mbele ya mwenzake. Uamuzi huo mwachie dereva, naye kwa kawaida atakuwa amezungumza na wenzake kwa redio. Kama askari wa hifadhi yupo, neno lake ndilo la mwisho.

Ndani ya gari

Saa za kusubiri hujenga au kubomoa urafiki. Paa likishainuliwa, nafasi ya kusimama ni ndogo, kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba watoto na wafupi watakuwa mbele, warefu nyuma, na kwamba katikati ya kuvuka mtabadilishana. Zungumzeni kwa sauti ya chini, kwani sauti husafiri mbali juu ya maji. Simu ziwe kimya. Msipige mluzi wala kuwahimiza wanyama wavuke, na msirushe ndege zisizo na rubani, ambazo zimekatazwa hifadhini bila kibali. Mlango usifunguliwe hata kwa ajili ya kuokota kofia iliyoanguka.

Magari ya jirani nayo yana watu. Nimejifunza kuwasalimia kwa mkono tu, bila kelele, na kuangalia kama gari letu limewaziba walioko nyuma. Likiwa limewaziba, tunamwomba dereva arudi nyuma kidogo wakati kundi bado liko mbali na maji, kwa sababu baadaye haitawezekana. Mara nyingi wema huo hurudi. Siku moja, baada ya sisi kuwapisha familia iliyokuwa kwenye gari fupi kuliko letu, dereva wao alitutafuta kwa redio alasiri na kutuelekeza kwenye kundi jingine ambalo hatukulijua.

Wakiingia majini

Kelele huwa kubwa kuliko unavyotarajia. Nyumbu huruka kutoka juu ya gema, hupotea ndani ya maji, huibuka wakiwa vichwa tu, na mkondo huwasukuma chini kidogo kiasi kwamba mstari wao hupinda kama upinde. Piga picha zako katika dakika za mwanzo, kisha weka simu chini. Chagua mnyama mmoja, ikiwezekana ndama aliye ubavuni mwa mama yake, na umfuate kwa darubini kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Utaelewa mengi zaidi kuliko anayejaribu kulitazama kundi lote kwa pamoja. Kuvuka kunaweza kuchukua dakika kumi, au saa nzima ikiwa kundi ni kubwa.

Baadhi watakufa mbele ya macho yako. Mamba huwakamata wachache, lakini maji na msongamano huua wengi zaidi. Watafiti waliofuatilia upande wa Kenya kati ya mwaka 2001 na 2015 walikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 huzama kila mwaka katika vifo vya makundi. Mizoga yao huwalisha samaki, mamba na tai, na mifupa yao huendelea kuurutubisha mto kwa miaka. Waelezeni watoto jambo hili usiku wa kabla, ili wasilikute ghafla, na mtu akilia garini aachwe alie. Usimwombe dereva wala askari amwokoe ndama anayehangaika. Hata hivyo, usishangilie mamba anapokamata. Kwenye magari ya jirani kuna watu ambao moyo wao umeshikwa na kile kile unachokitazama, na kelele za ushabiki huwaumiza.

Watu wengi hukosea mwishoni. Nyumbu wa mwisho kwenye mstari anapopanda ukingo, injini huwashwa zote kwa wakati mmoja na magari hukimbilia ukingoni kuangalia mizoga, ilhali kuvuka hakujaisha. Wapo ndama waliopotezana na mama zao, na wapo akina mama wanaorudi ukingoni wakilia na kutafuta, wengine wakiingia tena majini kurudi walikotoka. Ukingo ukijaa magari wakati huo hawatakutana. Kaeni mlipo kwa nusu saa nzima, injini zikiwa zimezimwa, na mtawaona. Kisha ondokeni mmoja mmoja, mkiwapisha kwanza wenye safari ndefu, na mkumbuke kwamba mwendo wa juu ndani ya Serengeti ni kilomita 50 kwa saa na kwamba mnapaswa kufika kambini kabla ya giza.

Mkiona gari limevunja sheria, msibishane nalo mtoni, kwa kuwa ugomvi huo nao ni kelele. Andikeni namba ya gari na saa, kisha mzipeleke kwenye kituo cha askari au langoni.

Ikitokea kwamba saa kumi na moja jioni imefika na kundi bado limesimama juu ya ukingo, ondokeni bila kusikitika. Mara nyingi nyumbu hulala karibu na hapo hapo, na hata wakivuka asubuhi, huvuka zaidi baada ya jua kupasha joto, kuanzia saa nne hivi hadi alasiri. Mwambieni dereva mtaondoka kambini saa kumi na mbili asubuhi, mfungashieni chakula chake pamoja na chenu, na mkifika mtafute kichaka kile kile mlichokiacha.